Daftari la Mama Pendo

Leo nimemshuku mtu, na bado sijui kama nilikosea.

Chuoni nasimamia akaunti za barua pepe za wanafunzi. Asubuhi niliona akaunti tisa zimefunguliwa kwenye kompyuta moja, mtaani Kariobangi.

Nikasema, huyu ni mwizi. Nikazifunga zote.

Saa tisa msichana akanipigia simu akilia. "Madam, mwisho wa kutuma mradi ni saa kumi na mbili na nimefungiwa! Niko saiba kwa Mama Pendo."

Mama Pendo! Nilichapia kazi zangu pale, kwenye kompyuta zake za kukodi, nikiwa mwanafunzi.

Nilimfungulia msichana, kisha nikaenda mwenyewe.

Mama Pendo hakukana. Alitoa daftari lenye majina ya wateja na maneno yao ya siri.

"Wakisahau wanalia kwangu, si kwenu. Nyinyi mnajibu baada ya wiki."



"Na ukiamua kusoma barua zao?" nikamuuliza.

Akacheka. "Kwamboka, barua za chuo nani atasoma? Hata wenyewe hawasomi!"

Nilikaribia kumwamini. Kisha akafunua kurasa za mwanzo.

"Si hata wewe uko hapa?"

Mwandiko ulikuwa wangu. Neno la siri lilikuwa lile lile ninalolitumia hadi leo, hata asubuhi nilipozifunga zile akaunti tisa.

Nikalibadilisha kwenye simu, nimesimama pale pale.

Mama Pendo alikuwa ameshika kalamu. "Leta hilo jipya niandike. Utasahau."

Nyinyi mngemjibuje?