Mtandio Uliowajibia Watu Maswali

Saa mbili asubuhi, Mama Maswali anabisha hodi nyumba ya tatu. Kashika fomu, uso kaukaza kama anasubiri sindano.

"Dada, mbona umenuna? Nimekukosea?" mwenye nyumba anamtania.

"Hujanikosea, kaka. Nikikuchekea utanijibu ninachotaka mimi."

Kazi yake ni kukusanya maoni, nyumba arobaini kwa siku, humaliza ndala pea tatu kwa mwaka. Aliishia darasa la saba, ana watoto wanne, na binti yake mkubwa ana mimba ya miezi minane.

Wiki iliyopita aliuliza swali moja: wodi ya wazazi ifungwe, pawe ofisi? Nyumba thelathini na sita zikasema ifungwe! Fomu zikapelekwa kwa diwani.

Kesho yake, bombani, jirani alicheka hadi ndoo ikamwagika.

"Shoga, ulinijia na mtandio wa chama, tena wa chama kinachotaka ifungwe! Nilijua umetumwa. Ningekujibuje?"

Mtandio wenyewe aligawiwa bure mkutanoni. Asubuhi ile kulikuwa na baridi, akajifunga.

"Nikaiacha ndoo palepale," anasema. "Nimemfungia mwanangu wodi kwa kitambaa!"

Alikwenda mbio kwa msimamizi wake, akaomba fomu zifutwe. Akarudia nyumba zilezile, kichwa wazi. Safari hii thelathini na moja zilikataa wodi kufungwa.

Diwani alipowekewa mafungu yote mawili mezani, alishika kiuno.

"Mama, mimi mwenyewe sikuwa na msimamo. Nilipoligusia suala hilo mkutanoni, walipiga makofi, nikadhani ndicho wanachotaka."

"Walikuwa wanakupigia wewe makofi, baba, siyo wodi kufungwa."

Diwani kageuka! Kawavuta na wenzake wanne. Sasa wako watano kati ya kumi na mmoja, na kura ya baraza ni Alhamisi.

Mama Maswali hataki mwanamke mwenzake ayaone haya. "Ukiulizwa, sema la moyoni," anaonya. "Ukimfurahisha mgeni kwa jibu, yeye ataondoka, wewe uchungu utakukuta barabarani."

Mtaa anaobisha hodi leo ni wa diwani ambaye bado anasitasita. Zimebaki nyumba thelathini na saba.

"Huyu akisikia watu wake, tunakuwa sita," anasema, na hapo anasahau kununa. "Mjukuu wangu atazaliwa kitandani, wodi ileile niliyomzalia mama yake."

Anavuka mtaro, anabisha ya nne.