Kilo moja inayomkosesha Plamedi utulivu

Ukungu bado umetanda juu ya kijiji cha Buleusa, mashariki mwa Kongo, na Plamedi, kwa hesabu yake mwenyewe, ameshachelewa. Anainama, anapitisha kamba ya kitunga kwenye kipaji cha uso, anajinyanyua na bidoni, dumu la mawese, mgongoni. Kisha anaitua tena. Amesahau kula.

Anarudi mbio jikoni na kubugia uji wa mahindi, soya na karanga, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

“Ikala chini! Uji haikimbie!” mkewe, Bibiche, anamfokea.

“Njo mie niko nakimbia,” anajibu, mdomo umejaa.

Bibiche anacheka, mkono juu ya tumbo. Amebakiza mwezi mmoja ajifungue, na mwezi huo ndio unaomkimbiza mumewe.

Plamedi, mwenye umri wa miaka 29, ni mpagazi. Hubeba mafuta na ndizi kutoka vijiji vya msituni Walikale hadi pikipiki zinapoishia. Ni mrefu na mwembamba tangu utotoni, kama baba yake. Wembamba huo haukumpa shida. Waliomtania kwamba upepo utamchukua aliwaacha hoi kwenye mlima wa kwanza.

Shida ilianza miaka miwili iliyopita. Bibiche alipojifungua mtoto wa kwanza alipoteza damu nyingi, akakimbizwa hospitali kwa machela. Damu ya Plamedi ilipatana na yake, lakini mizani ilionyesha kilo arobaini na saba. Mtoaji anatakiwa kufika hamsini.

“Baliniambia, ‘Papa, utaanguka na weye.’ Nikasimama kwa mulango sawa mugeni,” anasimulia. “Mama moya mukimbizi njo alitoa. Hata jina yake sijue.”

Bibiche alipona, mumewe akabaki na donge moyoni. Mimba ya pili ilipoingia, alianza kutafuta kilo kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Akaanza vibaya. Sokoni aliuziwa vidonge vya kunenepesha. Baada ya wiki chache mashavu yakajaa, watu wakampongeza. Léontine, muuguzi wa kituo cha afya, hakumpongeza. Alimbonyeza mguu, alama ya kidole ikabaki imedidimia.

“Hii haiko nyama, Plamedi, iko maji! Unataka kufa?”

Alimsaidia kuviacha vidonge hivyo kidogo kidogo, akampima minyoo na kifua kikuu. Hakuwa na ugonjwa wowote. Ndipo akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: anakulaje?

Kutwa nzima Plamedi alikuwa akitafuna makasu, mbegu chungu za msituni ambazo wapagazi huzitumia kufukuzia njaa. Jioni alikula na baba yake na kaka zake kwenye sahani moja, kama wanaume wa kwao walivyozoea. Mzee akishiba na kunawa, wote wananawa. Plamedi hula polepole, na kaka zake wana mikono myepesi kweli kweli. Miaka yote hiyo aliinuka na njaa, asijue.

Léontine akamwagiza apunguze makasu, ale uji kabla ya safari, parachichi na karanga njiani, maharage yenye mawese jioni. Na awe na sahani yake mwenyewe.

Hapo ndipo nyumba ilipowaka moto. Kula peke yako huku ni uchoyo, na wapo wanaonong'ona mabaya zaidi, kwamba unaogopa kuwekewa sumu na ndugu zako. Jioni ya kwanza, baba yake, Papa Barthélemy, alisukuma chakula kando.

“Tulikukosea nini, mutoto? Ao uko naogopa mikono yetu?”

Kwa aibu, Plamedi hakuwa amemwambia mtu yeyote wa nyumbani habari ya mizani. Sasa alieleza. Mzee alichagua kipande kinono kwenye sahani ya wote na kukiweka kwenye ya mwanawe.

“Kula. Kesho tunaenda wote kupimwa.”

Walikwenda. Mzee umri umemtupa mkono, lakini damu ya kaka mkubwa wa Plamedi, Athanase, inapatana na ya Bibiche, na uzito anao wa kutosha. Wiki ijayo atamsindikiza Bibiche kuhamia karibu na hospitali, asije akashikwa na uchungu njiani.

Mtu mwingine angetulia. Plamedi amefika kilo arobaini na tisa, na kila Jumatatu anapokwenda kupimwa uzito anamkuta Léontine hajamaliza hata kufagia.

“Kilo haisikie kelele,” muuguzi anamtuliza. “Iko nakuja pole pole.”

Kwa nini bado anahangaika, wakati Athanase yupo? Plamedi anaangalia pembeni, anafuta uji mdomoni.

“Kama Athanase anatosha kwa Bibiche, tushukuru Mungu,” anasema. “Damu yangu batapatia bibi ya muntu mwengine, mwenye anazala. Sikukula hivi bure.”