Picha, Haina Maelezo

Kazi yangu ilikuwa sauti. Nilikaa mapokezi ya simu katika ofisi moja ya serikali Mji Mkongwe, chumba cha chini chenye kuta nene za mawe, na kila aliyeipigia ofisi yetu alinikuta mimi kwanza. Macho yangu yalizimika nikiwa mdogo, na huko skuli tulifunzwa kazi ya simu kama wenzetu walivyofunzwa ushoni. Ukiniuliza sura ya mkurugenzi, siijui. Lakini akikohoa kwenye ngazi, najua kama ana hasira, ana njaa, au ana jambo analotaka kulipitisha kimyakimya.

Watu walipiga kuuliza kibali kimefikia wapi, mkutano utakuwa lini, karatasi gani waje nazo. Mmoja wao alikuwa mzee wa Kizimbani aliyeshikwa na mtoto wa jicho, mkali kama pilipili, ambaye kila Jumatatu alipiga na swali lile lile: "Bi, kuna jipya?" Nami nilimwita katibu muhtasi, shoga yangu wa miaka mingi aliyekaa mlango wa pili, akanisomea matangazo yaliyotoka, nikamfikishia mzee. Mzee hakuwahi kunishukuru hata mara moja. Alisema "Haya," akakata simu.

Halafu ikaja tovuti. Ofisi ilitengenezewa tovuti mpya, na kila mtu akawa anaitaja kama aliyepata mkwe tajiri. Wananchi watapata kila kitu humo, walisema, hakuna haja ya kusumbuka. Nilikuwa nikiyasikia maneno hayo huku mkono wangu uko juu ya simu, na roho yangu haikuwa imetulia. Kile kiti ndicho kilichosomesha wanangu. Zaidi ya hapo, ndicho mahali pekee katika mji huu ambapo watu huja kwangu kuuliza, badala ya mimi kuwauliza wao.

Siku moja mkurugenzi akaniita juu. "Limekuja agizo," akaniambia. "Tovuti za serikali zote ziweze kutumiwa na watu wenye ulemavu. Watakuja kutukagua. Sasa sie bahati yetu, mwenye ulemavu tunaye wetu wenyewe!"

Alilisema kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyekumbuka kuwa nyumbani kuna taa ya akiba. Miaka yote ile nilidhani mimi ni mpokea simu wao. Nilimeza maneno, maana ulimi wangu nikiuachia haurudi haraka, nikamuuliza lililonikaa moyoni: "Na tovuti ikishakuwa nzuri, watu wakasoma wenyewe, hii simu yangu je?"

Akakohoa. "Inshallah kheri, Bi," akasema.

Kikohozi kile nilikijua. Lakini mtu akitaka kuamini jambo, hata masikio yake huyaambia yanyamaze.

Nikakutanishwa na fundi wa tovuti. Hakuwa mtumishi wa kwetu. Alikuwa mtu mzima mwenye duka la kompyuta Mtoni, amekodiwa kwa kazi hiyo, anakuja na kuondoka. Nilimpenda kwa sababu hakuninyanyulia sauti, maana watu wengi wakiona sioni huniambia mambo kwa kelele. Nikatoa simu yangu ya mkononi. Simu hii inasema Kiswahili: nikipitisha kidole juu ya kioo, inanitajia kilichopo chini ya kidole. Nikafungua ukurasa wa matangazo.

"Picha. Haina maelezo," ikasema simu.

Nikasogeza kidole. "Picha. Haina maelezo." Nikasogeza tena. "Kitufe. Hakina jina." Halafu picha, na picha, na picha nyingine. Nikaangua kicheko. Nilidhani ofisi yetu imejaza tovuti nzima sura za wakubwa wakikata utepe.

Fundi hakucheka. "Bi, hizo si picha za watu," akasema, na sauti yake imebadilika. "Hayo ndo matangazo yenyewe. Yote yamo humo. Mie nnayaona."

"Mie nnasikia picha tu."

Ndipo akanieleza, na mimi ndiye niliyeshtuka zaidi, maana nilikuwa ndani ya ofisi hiyo na sikujua. Tangazo likiandikwa kwetu, huchapishwa kwenye karatasi, likapelekwa kwa mkurugenzi akatia saini, likagongwa muhuri. Baadaye karatasi hiyo hupigwa picha, na picha ndiyo inayowekwa kwenye tovuti, muhuri wake umekaa kombo pembeni. Maneno yaliyoandikwa vizuri tu kwenye kompyuta hugeuzwa kuwa picha ili muhuri uonekane. Kwa mwenye macho ni tangazo. Kwa simu yangu, ile ni karatasi tupu.

Nikamwambia afumbe macho, achukue simu yangu, anitafutie siku ya kuomba vibali. Alihangaika na kile kioo mpaka nikasikia pumzi yake inapanda. "Astaghfirullahi," akasema, akanirudishia simu. "Hapa tumewafungia watu mlango, halafu tumeandika karibuni."

Mkurugenzi tulipomweleza alihamaki. "Tangazo bila ya muhuri ni uvumi," akasema. "Kesho mtu atachapa maneno yake aseme serikali imesema."

"Muhuri wako ubaki," nikamjibu. "Maneno yaandikwe chini yake. Asiyeuona muhuri ayasikie maneno." Akanung'unika, akazunguka meza, mwisho akakubali, kwa kuwa wakaguzi walikuwa njiani.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu, na utamu wake ndio unaonichoma nikikumbuka. Watu ofisini walinigeukia wakawa wema ajabu. Shoga yangu aliniletea vitumbua asubuhi, vya moto, amevifunika. Dereva, ambaye kwa miaka salamu yake ilikuwa mguno, alinipa shikamoo kamili akaniuliza hali za wanangu huko Kiembe Samaki. Hata mkurugenzi akipita alisita mlangoni, akavuta pumzi kama anayetaka kusema kitu, akaenda zake. Mimi nikavimba kichwa. Nikajiambia, sasa wamejua thamani yangu, naitengeneza tovuti ya serikali.

Fundi alirudi Jumatatu moja asubuhi. Alikuwa na programu inayotoa maneno ndani ya picha na kuyaandika upya, kwa hivyo hakuhitaji kuyachapa wala kuyasoma mwenyewe. "Nimeanza na lile la juu kabisa," akasema, "lile la kwanza ulilogusa siku ile. Hebu lijaribu."

Nikaweka kidole, nikitabasamu.

"Tangazo kwa umma," ikasema simu. "Wananchi wote mnaarifiwa kuwa huduma ya simu ya mapokezi itasitishwa mwanzo wa mwaka mpya wa fedha. Taarifa zote zitapatikana katika tovuti. Nafasi ya mpokea simu imefutwa, na mtumishi aliyekuwepo atapumzishwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Sauti ya simu ile haina huruma wala chuki. Inasoma msiba kama inavyosoma bei ya nazi. Nikarudisha kidole, ikasoma tena, haikubadilisha hata neno. Nikasogeza chini, ikanitajia tarehe ya saini. Tangazo lilitiwa saini kabla ya siku niliyoitwa juu na kuambiwa ni bahati yao. Lilikuwa limeshakaa pale nilipocheka kwa picha isiyo na maelezo. Mwaka mpya wa fedha ulikuwa wiki inayofuata.

Nikaishika meza kwa kuwa nilihisi kiti kinateleza, na hakikuwa kinateleza. Fundi alikuwa akisema, "Bi, wallahi sikulisoma, mie natia tu ninachopewa." Nilimwamini. Alikuwa mtu pekee katika jengo zima ambaye hakujua, yeye na mimi.

Nikamwita shoga yangu. Alikuja mbio, bangili zake zikilia, halafu zikanyamaza ghafla mlangoni. Nadhani aliona uso wangu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Shoga, nlikuonea muhali," akasema.

Muhali! Kwetu neno hilo limewaponza watu wengi. Mtu ataacha nyumba yako iungue kwa kuona haya kukukatizia chakula. Habari mbaya hapa haina mwenyewe: kila mmoja anangoja mwengine aibebe, na akipatikana wa kuibandika mahali, wote wanashusha pumzi. Wao walikuwa na karatasi yenye muhuri. Ilishasema kwa niaba yao.

"Kila siku najisemea leo ntamwambia," akaendelea, anaanza kulia. "Nikifika hapa nakukuta unacheka."

"Ukaniletea vitumbua."

"Nikakuletea vitumbua."

"Na Jumatatu zote hizi ukinisomea matangazo, hili ukaliruka."

Nilikasirika mpaka nikaogopa hasira yangu. Ningemsamehe kuninyima habari. Lakini yeye alikuwa macho yangu, niliyoyachagua mwenyewe, na mara zote zile niliyaamini bila ya kuyapapasa.

Nikapanda ngazi peke yangu, mkono kwenye mbao za kushikia. Mkurugenzi alinikaribisha kwa haraka mno.

"Bi, lakini liko wazi," akasema, hata sijakaa. "Liko kwenye tovuti tangu mwezi uliopita. Kila mtu kaliona."

"Mimi nani kanambia?"

"Nlidhani katibu..." Akaacha. "Hata sie limetoka juu. Nlijua ushapata habari."

"Nisomee."

"Si ushalisikia?"

"Nimelisikia kwa simu. Nnataka kwa mdomo wako."

Akatafuta karatasi, nikasikia droo, nikasikia miwani ikifunguliwa. Akaanza kusoma kwa sauti ya mikutano, wananchi wote mnaarifiwa, na kadiri alivyoendelea sauti ilishuka, mpaka alipofika pa mtumishi aliyekuwepo akakohoa, akakohoa tena, na neno atapumzishwa likatoka kama la mtu anayeungama. Alipomaliza nilimwambia ahsante. Sikuwa namkejeli. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameniambia.

Niliteremka nikakuta fundi bado amekaa, na shoga yangu amesimama pale pale. Fundi akaniuliza kwa upole kama tuache kwa leo. Nikamwambia atoe maneno katika picha zote zilizobaki, asiache hata moja, maana sijui ndani yake mna habari za nani. Akaanza kubonyeza.

Simu ya mezani ikalia. Niliipokea kama nilivyoipokea siku zote, nikataja ofisi, nikasalimu.

"Bi," akasema mzee wa Kizimbani, "kuna jipya?"

Shoga yangu akapiga hatua kuja kwangu, akasita. Nikamwambia mzee lipo, akae vizuri nimsomee. Sikuhitaji wa kunisomea, nilikuwa nimeshalihifadhi. Nikalisema lote kwa sauti yangu ya kazini, kuanzia wananchi wote mpaka usumbufu, sikuruka neno.

Upande wa pili nilisikia jogoo, na mtu anapumua. Nikangoja aseme "Haya" yake akate. Hakukata.

"Sasa Jumatatu ijayo," akauliza, na ukali wote umemtoka, "mie nimpigie nani?"