Kipimo cha Mdomo wa Zundel

Kwa watu wengine Zundel Grinfeld alikuwa mpole. Binti yake alipokuwa mjamzito, ni yeye aliyemwambia anywe maji Siku ya Upatanisho, mfungo mkuu wa mwaka kwa Wayahudi, wala asione haya. Jirani mwenye figo mbovu, Zundel alimsimamia mlangoni mpaka akala. Zamu yake ilipofika, huruma yote ikamwishia.

Mwaka uliopita, na ugonjwa wake wa sukari, alifunga kavu. Akaanguka katikati ya sala, pale sinagogini kwao mjini Bnei Brak, akatua mapajani kwa muuza samaki aliyeketi kando yake. Safari hii Rabi Vorhand, kwa ushauri wa daktari, alikata shauri. Zundel atakunywa maji ya zabibu kidogo kidogo, pungufu ya kile kinachojaza shavu lake, kiasi ambacho sheria haikihesabu kuwa ni kuvunja mfungo. Atapumzika, kisha anywe tena. Akikataa, hatawasomea waumini kitabu cha Yona alasiri. Na Yona alikuwa wake tangu ndevu zake zingali nyeusi.

Siku moja kabla ya mfungo, mkewe Perl alimpa maji ajaze shavu, ayateme kwenye glasi, wajue kipimo chake. Glasi ilikaribia kujaa. Zundel akaitazama kama mtu aliyesingiziwa.

"Hii si ruhusa ya mgonjwa. Hii ni harusi."

"Mdomo ni wako, mzee wangu. Nimeishi nao, naujua."

"Hebu jaza wewe."

Perl akajaza, akatema kwenye glasi nyingine. Maji yalifunika kitako tu. Zundel akachangamka, akachora mstari hapo kwa wino.

"Nitatumia hiki. Sipendi kujirahisishia."

"Daktari kasema unywe, hakusema ulambe."

Perl akazibeba glasi zote mbili hadi kwa rabi, Zundel akimfuata mbio na ndara miguuni. Rabi aliwasikiliza wote wawili.

"Kwa hiyo, Mzee Zundel, utakunywa kwa mdomo wa Perl?"

"Kwa usalama zaidi, Rabi."

"Sawa. Basi na Yona atasomwa na Perl."

Zundel akaufungua ule mdomo mkubwa.

"Anakosea matamshi," akasema.

"Basi anywe anayesoma," Rabi akajibu, "tena kwa mdomo wake mwenyewe."

Siku ya mfungo Zundel alijibanza pembeni, shali ya sala kichwani, akinywa kwa uso wa mtu anayemeza dawa ya minyoo. Muuza samaki, midomo imemkauka, alimkodolea macho.

"Tazama kitabu chako," Zundel akamnong'oneza. "Niko kwenye ibada."

"Naiona. Hata mimi ingenifaa."

Alasiri akasimama, akamsoma Yona mwanzo hadi mwisho. Sauti haikutetereka, hata pale samaki alipomtapika nabii. Nyuma ya pazia la wanawake, Perl alikuwa amekishika kitabu chake juu chini, na hakugundua mpaka mumewe alipoketi.

Jioni, mfungo ulipokwisha, alimuuliza anajisikiaje.

"Hoi," Zundel akasema, akiuvuta mkate. "Kufunga ni rahisi, Perl. Kunywa ndiyo kazi."