Uzi wa Shanga Kwenye Klarineti

Mafuta ya mkia wa kondoo ukiyayeyusha jikoni, hata nguo za kabatini zinajua. Juzi hapa mtaani kwetu Sakina nilikuwa nayachuja, mjukuu wangu Naserian akaingia na klarineti yake. Anapiga kwenye bendi ya kanisa, na anapiga vizuri, nasema hivyo nikiwa na akili timamu.

"Bibi, nipake kidogo kwenye viungio? Vimekauka, haviingiliani."

"Paka viungio. Ukigusa ulimi nakuchapa."

Akacheka. Hakujua nimetoka wapi na maneno hayo. Nyinyi nitawaambia.

Nilikulia Oldonyo Sambu, upande wa mlima ambao mvua inapita mbali na vumbi linalala na wewe kitandani. Kanisani kwetu wavulana waligombania matarumbeta yanayong'aa. Klarineti ilibaki sandukuni, nyeusi, nyembamba, haina anayeitaka. Ndiyo maana nikapewa mimi msichana. Mwalimu Lotha, kiongozi wa bendi, hakunizungusha: "Namnyaki, Pasaka ikifika hiki chombo hakijaimba, nakipeleka usharika mwingine. Wewe unarudi kwaya." Wavulana wakasema nikapulize moto jikoni, huko ndiko mashavu yangu yanakojulikana.

Niliitaka ile klarineti kuliko nguo mpya. Lakini klarineti inatawaliwa na kitu kidogo kuliko vyote: kipande cha tete kilichochongwa chembamba, kinachobanwa kwa pete ya chuma pale unapoweka mdomo. Tulikiita ulimi. Ulimi laini unalia kirahisi, ila unalia kama mwanambuzi aliyepotezana na mama yake. Ulimi mgumu unakunyima sauti, unapuliza mpaka unaona nyota. Mimi nilitumia laini. Mgumu ulikaa sandukuni, hakuna aliyeuweza.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka nilitoka kuteka maji, nikamkuta yeyoo, yaani mama yangu, amepakata klarineti. Kwetu kitu kikikauka kinapakwa mafuta: kibuyu, mkanda wa ngozi, mtoto. Yeyoo aliuona ulimi umekauka, akauonea huruma. Akaupaka mafuta ya kondoo mpaka ukametameta. Akaona na pete imelegea, akaikaza kwa mkono wake wa kukamua ng'ombe. Skrubu ikakatika.

Nilipuliza. Hata kukoroma haikukoroma. Nikaufuta ulimi kwa kanga, nikausugua kwa majivu, wapi! Mafuta ulishayanywa. Nikalia mpaka kwikwi.

"Unalilia kijiti?" yeyoo akasema. "Kingine hakipo?"

"Kipo kigumu. Na cha kukifungia umevunja."

"Lete."

Hakuniomba radhi, hakuwa mtu wa hivyo. Alivuta kopo lake la shanga, akatoa uzi, akaulowanisha kwa mate, akaanza kuufunga ule ulimi mgumu, mzunguko ukilala kando ya mwenzake kama anatengeneza mkufu wa bibi harusi. Nikamwambia, "Kaza, yeyoo! Kaza sana!" Akanipiga kofi dogo mkononi.

"Mkufu ukibana shingo, aliyeuvaa ataimba na nini? Uzi ushike, usinyonge."

Nikaulowanisha ulimi mdomoni kama yeye alivyofanya uzi, nikavuta pumzi kutoka tumboni. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, nyeusi, ya kutulia, kama wazee wanaoimba chini chini. Mbuzi zizini wakainua vichwa. Yeyoo akasema, "Sasa huyo ni mtu mzima," akarudi kwenye maziwa yake.

Alfajiri ya Pasaka tulisimama makaburini, kama kawaida yetu, kupiga kabla jua halijatoka. Baridi ya Mlima Meru inauma midomo. "Oneni, Namnyaki ameivisha klarineti shanga!" mvulana mmoja akasema, wenzake wakacheka. Mwalimu Lotha akainua mkono. Matarumbeta yakaanza kwa kutetemeka, midomo imekufa ganzi, mimi nikaingia chini yao na ile sauti nene, nikawabeba. Kicheko kikaisha. Watu waligeuka kutafuta ni nani. Ni mimi! Tulipomaliza, Mwalimu akaishika klarineti, akatazama.

"Nani kafunga hivi?"

"Yeyoo."

"Mwambie asifungue."

Klarineti haikwenda usharika mwingine. Niliipiga mpaka nikaolewa, nikaipiga hata nikiwa na mimba.

Miaka mingi nilijisifu kwamba mapafu yangu ndiyo yaliyoushinda ule ulimi. Yalikuwa na nguvu, sikatai. Lakini wasichana wa rika langu walikatazwa vitu vingi, na yeyoo, asiyejua wimbo mmoja wa bendi, hakuniambia hata siku moja niache, ingawa maji na mbuzi vilinisubiri. Alinishika vilevile alivyoushika ule ulimi, na mimi sikusikia kubanwa.

Basi Naserian alipomaliza kupaka viungio, akapuliza. Sauti imekabwa, pete imeunyonga ulimi. Nikamwambia avue ile pete yake inayong'aa, nikavuta kopo la shanga, nikaanza kuzungusha uzi.

"Kaza, bibi," akasema.

Nikampiga kofi dogo mkononi.