Alijitaja kwa maziwa yaliyomwagwa, leo ana leseni ya kutibu mifugo

Saa moja kasoro asubuhi, mwanamke aliyevaa ovaroli ya kijani na mabuti yaliyopauka amepiga goti ndani ya banda, shavu lake limegusa ubavu wa ng'ombe mweusi. Anakamua matone machache kutoka chuchu ya nyuma ya kulia, anayakinga kwenye kikombe cheusi na kukiinamisha kuelekea mwanga wa mlangoni. Maziwa yana mabonge.

"Kiwele kimeugua," anamwambia mwenye ng'ombe, mwalimu mstaafu aliyesimama nje ya banda na sweta begani. "Lakini tumewahi."

Hachomi sindano papo hapo. Anatoa utepe wa kupimia, anauzungusha kifuani mwa ng'ombe nyuma ya miguu ya mbele na kusoma uzito: kilo mia tatu na themanini. Anaandika kwenye daftari, anapiga hesabu ya dawa, kisha anaipiga tena kwa sauti kama mtoto anayesomea mtihani. Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini, anaitikia kwa kichwa kabla hajaulizwa.

Sindano ikishaingia, anachukua chaki mfukoni na kuandika kwenye mlango wa banda tarehe ambayo maziwa ya ng'ombe huyo yataruhusiwa tena kuuzwa. Ni siku nne mbele. Anamtaka mwalimu aisome. Mwalimu anaisoma huku akilalamika kwa utani kwamba uzeeni amerudishwa darasa la kwanza.

Majirani wanamwita Mkono. Ana umri wa miaka arobaini na minne, ni mama wa watoto watatu, na kwa miezi tisa sasa amesajiliwa kufanya kazi ya msaidizi wa daktari wa mifugo. Leseni yake hajaitundika ukutani. Anatembea nayo kwenye begi la dawa, ndani ya bahasha ya plastiki, kwa sababu wanaotakiwa kuiona, anasema, wako mabandani.

Jina hilo la utani alilipata zamani, kabla ya chuo na kabla ya leseni. Alipomaliza sekondari, baba yake aliugua na fedha za kumwendeleza hazikuwepo, akaajiriwa kukamua kwenye shamba kubwa la ng'ombe wa maziwa. Alikaa huko miaka kumi na saba. Siku moja ng'ombe alishindwa kuzaa, ndama amekunja mguu tumboni, na wanaume wote waliokuwepo walikuwa na mikono minene. Msimamizi akamtazama, akamwambia apake sabuni hadi begani.

"Sikujua nashika nini," anakumbuka. "Msimamizi alikuwa ananielekeza, nami nafumba macho ili nione vizuri. Nilipoupata ule mguu na kuunyoosha, ndama alikuja mwenyewe."

Tangu siku hiyo, ng'ombe akilemewa, yeye ndiye aliyeitwa. Habari zikavuka ua wa shamba. Alipoacha kazi ya kukamua, akiwa na ng'ombe wawili wa kwake mwenyewe, watu walikuwa tayari wanamfuata nyumbani. Walianza na uzazi, wakaja na minyoo, kisha vidonda na homa. Dawa alinunua dukani kama alivyonunua kila mtu, na kipimo aliuliza kwa muuzaji. Wagonjwa wake wengi walipona. Hapo ndipo, anakiri, alipoanza kujiona daktari.

Asubuhi iliyombadilisha anaisimulia polepole, bila kujitetea. Alikuwa kwenye foleni ya kituo cha ushirika cha kukusanyia maziwa, na dumu lake mkononi, wakati gari la kiwanda lilipofika. Dereva alipima maziwa ya tangi kama ilivyo kawaida, akapima tena, akafunga mfuniko. Maziwa yalikuwa na mabaki ya dawa. Lita elfu moja mia tisa na arobaini, jasho la wafugaji sitini na wawili, zilifunguliwa zikamwagika kwenye mtaro mbele ya macho yao.

Mwenyekiti wa ushirika aliuliza ni nani aliyeleta maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano. Maziwa yalikuwa yameshachanganyika, hakuna ambaye angeweza kumtambua mwenye kosa. Lakini Mkono alimjua. Siku mbili kabla yake alikuwa amemchoma ng'ombe wa mjane mmoja, jirani yake, na hakumwambia lolote kuhusu kusubiri, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kwamba dawa ile hupita kwenye maziwa.

"Yule mama alikuwa mbele yangu kwenye foleni," anasema. "Alikuwa hajui kosa lake ni lipi. Nikaona wakimbana yeye, atabeba mzigo wangu. Nikanyoosha mkono, nikasema ni mimi niliyemtibu yule ng'ombe."

Maneno aliyotupiwa siku hiyo hapendi kuyarudia. Kuna waliotaka apelekwe polisi pale pale. Daktari wa mifugo wa eneo hilo, mtu mzima mwenye mvi na maneno machache, aliitwa kituoni akasikiliza pande zote. Alimwambia wazi kwamba kutibu mifugo bila kusajiliwa ni kosa, na kwamba akisikia ameshika sindano tena atamfikisha mahakamani mwenyewe. Kisha akamvuta pembeni.

"Alisema, 'Dada, mikono unayo. Kinachokosekana kinafundishwa. Nenda chuo,'" anasimulia. "Nilidhani ananidhihaki. Nilikuwa na miaka arobaini."

Daktari hakuwa na mzaha. Wiki iliyofuata alimletea fomu za chuo cha mifugo, na Mkono akafukua sanduku kukitafuta cheti chake cha sekondari. Panya walikuwa wamekitafuna pembeni, lakini alama za biolojia zilisomeka. Mume wake, fundi seremala, aliisoma fomu mara mbili, akauza mashine yake ya kuranda mbao ili kulipia muhula wa kwanza, na kwa miaka iliyofuata akaranda kwa mkono.

Darasani alikaa na vijana wa rika la binti yake mkubwa. Walimwita Shangazi, wakamchagua kiranja bila kumuuliza. Kwenye vitendo hakuna aliyemfikia. Kwenye hesabu alikuwa wa mwisho. Akirudi likizo, binti yake ndiye aliyekuwa mwalimu wa hesabu na mume wake msikilizaji wa kila kitu kingine. Fundi huyo anaweza hadi leo kutaja matumbo manne ya ng'ombe kwa mpangilio, na huyataja hata asipoombwa.

Likizo ya mwaka wa kwanza ilimwachia kidonda. Asubuhi moja shemeji yake, mdogo wa mume wake, alikuja mbio. Ng'ombe wake pekee alikuwa amezaa jana yake na sasa amelala chini, shingo imepinda, masikio ya baridi. Mkono aliutambua ugonjwa kwa kumtazama tu: homa ya maziwa. Dawa yake ilikuwepo dukani. Huingizwa kwenye mshipa, taratibu sana, kwani ikienda haraka moyo husimama. Alikuwa ameona ikifanywa mara moja tu, naye mwanafunzi haruhusiwi kuigusa bila msimamizi.

Alimpigia daktari simu. Daktari alikuwa mbali, akasema anakuja. Wakati wakisubiri, Mkono alimwegemeza ng'ombe kwa magunia ya pumba asije akalala ubavu, akamfunika, akakaa naye. Shemeji alimsihi. Kisha akamfokea. Akaenda dukani, akarudi na chupa ya dawa, akamwekea mapajani. Mkono hakuifungua. Ng'ombe alikufa nusu saa kabla pikipiki ya daktari haijaingia uani.

"Shemeji aliniambia neno moja tu: 'Kumbe ulikwenda kusomea kuangalia,'" anasema. "Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Labda angepona mikononi mwangu. Labda ningemuua mimi. Ninachojua ni kwamba sikuwa tayari, na safari hii nilijua kwamba sikuwa tayari."

Kwa karibu miaka miwili shemeji hakumsalimia. Wakikutana njiani alihamia upande wa pili. Mume wake alibaki katikati, akila kwa mkewe na kunywa chai kwa ndugu yake, bila kumsema mmoja kwa mwingine.

Miaka miwili ya chuo ilipokwisha ulibaki mtihani wa baraza linalosajili wataalamu wa afya ya wanyama. Bila kuufaulu, cheti cha chuo hakimpi mtu ruhusa ya kutibu. Mkono aliingia akijiamini. Kwenye chumba cha mahojiano alipewa ng'ombe wa kwenye karatasi, mwenye kilo mia tatu, na dawa ya mililita moja kwa kila kilo ishirini. Akaandika mia na hamsini.

Msahihishaji, mwanamke mwenye miwani, aliisogeza karatasi mbele yake bila kuonyesha hasira.

"Mama, kwa hesabu hii ng'ombe wangu amekufa."

Mkono aliangalia tena, akaona sifuri iliyozidi.

"Ndiyo," akajibu. "Amekufa."

Alipata alama arobaini na saba, zilihitajika hamsini. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitunga namna ya kumwambia mume wake aliyeuza mashine yake. Alipofika, mume wake alimsikiliza hadi mwisho, akauliza mtihani mwingine ni lini. Ulikuwa baada ya miezi sita. Basi, akasema, miezi sita si mingi, na akaendelea kupiga randa.

Miezi hiyo sita aliitumia akimfuata daktari kwenye ziara zake, akimbebea begi na kupiga hesabu ya kila mnyama kwa sauti, mara mbili, kabla daktari hajavuta dawa kwenye bomba la sindano. Daktari aliithibitisha kwa kuguna. Akikosea, daktari hakuguna. Kwenye mtihani wa pili alipata sabini na moja.

Wiki ya tatu baada ya leseni kufika, mtu alisimama nje ya uzio wao bila kubisha hodi. Alikuwa shemeji. Hakutaja yaliyopita. Alisema amekuja kumwita mtaalamu, ana mtamba anazaa kwa mara ya kwanza na tangu alfajiri hakuna kinachotoka. Mkono alichukua begi, wakaondoka pamoja. Kichwa cha ndama kilikuwa kimegeukia nyuma. Ilimchukua dakika arobaini kukirudisha njiani, na ndama, jike lenye doa usoni, alitoka akipumua.

"Nilipomaliza, shemeji alikuwa amechemsha maji," anasema. "Alininawisha mkono wote, toka begani hadi vidoleni, yeye mwenyewe. Kwa mtu kama shemeji, hayo ni maneno mengi."

Sasa anahudumia wafugaji wapatao themanini, chini ya usimamizi wa daktari yule yule, kwa baiskeli na wakati mwingine kwa miguu hadi kilomita kumi na moja. Kipato anakiita cha kujikongoja, maana wengine hulipa kwa mayai na wengine kwa ahadi, lakini mume wake ameshapata mashine nyingine ya kuranda.

Anachokitaka zaidi kwa sasa kinamrudisha kwenye lile shamba alikokamua ujana wake. Amemwomba mwenye shamba saa moja kila wiki, baada ya maziwa ya asubuhi, awafundishe wakamuaji kusoma maandishi ya chupa za dawa, kupima uzito na kuhesabu siku za kusubiri. Mwenye shamba amekubali. Wakamuaji ni tisa, na wawili wameshamwonyesha vyeti vyao vya sekondari, vimekunjwa kwenye mifuko ya nailoni. Mpango wake ni kuwasaidia wajaze fomu za chuo kabla mwaka haujaisha.

"Mmoja aliniuliza kama hajachelewa," anasema huku akifunga begi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. "Ana miaka thelathini na minane. Nikamwambia yeye amewahi."