Doa Jekundu Kando ya Makaburi

Nichekeni kwanza, kisha mnihurumie. Mimi ndiye niliyetumwa kuzunguka Sumbawanga na simu ya ofisi, nikiweka alama kwenye ramani kila penye mashine za kamari, ili tujue wapi pafunguliwe huduma ya kuwasaidia waliozama. Niliziwekea alama zote isipokuwa moja, iliyofichwa kwenye stoo kando ya makaburi. Huko nilikuwa nacheza mwenyewe, nikaogopa wataifunga.

Siku ya kikao cha madiwani cha kuitazama ramani, ukungu uliziba madirisha. Ramani ilipomulikwa ukutani, pale makaburini palikuwa na doa jekundu kuliko yote. Nywele zilinisimama, maana mimi sikuliweka.

"Hapo ni kwa marehemu," nikasema haraka. "Mtambo umekosea."

Diwani mmoja mzee akanong'ona, "Kumbe wafu nao wanacheza?"

Hakuna aliyecheka. Upepo ulikuwa unagonga mabati.

Dada Yustina, mtaalamu wa ramani, akanigeukia taratibu. "Kaka, simu ya ofisi huweka alama yenyewe kila mwenye nayo anapokaa mahali pamoja zaidi ya saa moja wakati wa kazi."

Akabofya lile doa. Jina langu na tarehe likaanza kujipanga ukutani, mstari chini ya mstari, likashuka mpaka sakafuni.